Siku Tangi la Ruiru Lilipotoa Moshi Mwingi

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la saba, nikasukuma mkokoteni sokoni Thika, nikauza maziwa kwa baiskeli, na leo nina nyumba za kupangisha Ruiru, zina vigae, njooni mzione. Nimeona fahali aliyekufa Ulaya kabla sijaoa akipata ndama Gatuanyaga. Nimeona mkulima akiuza shamba ili anunue ng'ombe, na ng'ombe akamkanyaga siku hiyo hiyo. Kwa hivyo nyinyi vijana mnaoingia kazi ya baridi, mkinisikia nikisema niliogopa, msidhani ni mtu anayeogopa ovyo.

Kazi ya baridi ni hii. Mbegu za fahali hutiwa ndani ya mirija myembamba kama ya kalamu, na mirija hukaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni ya maji. Ni hewa hii hii tunayovuta, imepozwa mpaka ikawa maji. Ukilinganisha na baridi yake, friji yako ya nyumbani ni jiko. Mbegu zikiwa humo zimelala tu, hazifi wala hazizeeki. Zikitoka nje kwa muda wa kuimba ubeti mmoja, zimekwisha, na hakuna atakayejua kwa macho. Mrija ulio hai na mrija uliokufa ni mapacha. Hapo ndipo woga wa kazi hii unapoanzia: unabeba kitu ambacho huwezi kuona kama kina uhai.

Nilifundishwa na mzee mmoja wa Kiganjo, Gatheru, mpandishaji ng'ombe, mfupi, mkali, mtu wa kuvaa koti la mvua hata Januari. Alinifundisha kwamba suruali ipite juu ya buti, isiingizwe ndani, kwa sababu naitrojeni ikimwagikia ndani ya buti utalivua pamoja na ngozi. Glavu iwe kubwa, ukirusha mkono iruke yenyewe. Na dirisha la gari lisifungwe kamwe ukiwa na mtungi, hata mvua ya mawe ikinyesha.

"Na nikipata homa ya baridi, mzee?" nilimuuliza.

"Homa utakohoa. Hewa hii haikukohozi. Inafukuza ile inayotupa uhai, inakulaza."

Nilicheka. Baadaye mwenzetu mmoja alikutwa kando ya barabara ndani ya pikapu, madirisha yamefungwa, taa ya kugeuka bado inawaka, na yeye ameegemea usukani kama mtu anayesali. Sikucheka tena.

Sasa sikilizeni ujuzi mwenyewe, maana hamtaupata chuoni. Kiasi cha naitrojeni unakipima kwa ufito mkavu. Tumbukiza, hesabu pole pole, toa, upunge hewani. Sakitu nyeupe, barafu laini kama unga, itashika pale maji yalipofika. Na kila ukikutana na mtungi, upapase, kama unavyopapasa ng'ombe kabla ya kumkaribia. Mtungi mzima hauna baridi nje, kama vile chupa nzuri ya chai haichomi mkono. Una kuta mbili, na katikati hewa yote imefyonzwa. Ukipapasa ukakuta jasho, au sakitu shingoni, ukuta umevuja. Huo mtungi unakufa, na hakuna fundi wa Thika wala wa Nairobi atakayeufufua siku hiyo.

Kitu kingine ni moshi. Wakulima wetu hawalipii kitu wasichokiona. Unafika bomani, ng'ombe yuko joto, anataka fahali, umevaa glavu, na mwenye ng'ombe anakunja mikono: "Onyesha moshi kwanza." Unafungua kifuniko, wingu jeupe linamwagika mpaka miguuni, wanaitikia kwa vichwa. Iko hai. Kuna mama wa upande wa Juja alinifanya nifungue mara ya pili kwa sababu jirani yake hakuwa amefika. Na moshi huo, vijana, hauthibitishi chochote. Ni naitrojeni inatoroka. Kila ukiwaonyesha, unapoteza. Lakini ukikataa unaitwa mwizi. Gatheru alikuwa akisema, "Sisi tunauza mbegu, wao wananunua moshi."

Hata hivyo kazi ile ilikuwa na msamaha ndani yake. Mbegu zikifa, ng'ombe anarudi joto baada ya wiki tatu, mkulima anakutukana, unampa nyingine bure, mnakunywa chai. Mimi nilitukanwa na nikanywa chai nyingi, na nikatajirika.

Ndipo akanijia Daktari Muthoni. Alikuja mwenyewe mpaka stoo yangu pale Kamenu, mwanamke mwembamba, viatu vya raba, akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye Baba Shiku wa mitungi?"

"Ndiye. Ng'ombe wako yuko joto?"

"Sina ng'ombe. Nina wagonjwa."

Alikuwa anafanya utafiti wa saratani ya damu katika hospitali moja ya Ruiru ambayo sitaitaja. Alinieleza akiwa amekaa juu ya kreti ya soda, na mimi nikaelewa haraka, sijui kwa nini watu husema sayansi ni ngumu. Uboho, ile nyama laini ndani ya mfupa, ndio kiwanda cha damu. Kuna saratani inayokalia kiwanda chenyewe. Dawa ya kuifukuza ipo, lakini ni kali hivi kwamba inachoma kiwanda chote, kizuri na kibaya. Mtu akiachwa hivyo hatengenezi damu tena, na mafua tu yanamzika. Kwa hivyo kabla ya dawa, mgonjwa anachotwa kutoka kwenye damu yake seli zinazoitwa seli shina, zile zinazozaa seli nyingine zote za damu. Zinawekwa mahali. Dawa ikishapita, anarudishiwa, na seli zenyewe zinajua njia ya kurudi mfupani na kuanza kiwanda upya.

"Ni mbegu," nikamwambia.

"Ni mbegu, ndiyo. Kwa kawaida tunaziweka kwa friji siku chache. Lakini mgonjwa akiugua katikati, tunalazimika kuzigandisha. Nataka kujua kama zikigandishwa hapa Ruiru zinaamka vizuri, ili mtu wa kiwandani asiuze shamba kwenda India."

Nikakubali kufanya kazi naye. Nilimtafutia tangi, nikalikagua kwa mkono wangu, nikamwambia litatuzika sote. Kila wiki nilipeleka naitrojeni. Yeye aliandika, akapima, akahesabu seli zilizo hai chini ya darubini. Na hapo nilikutana na Barasa.

Barasa alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha juisi, Eneo la Viwanda. Mtu wa Bungoma, amepanga Kiganjo, ana sauti ya kwaya. Mgongo ulimuuma mwaka mzima, akanywa dawa za duka, mpaka mfupa ukavunjika akiinua kreti, na hapo saratani ikajulikana. Seli zake zilichotwa vizuri, lakini kabla ya dawa kali akashikwa na nimonia, kwa hivyo zikagandishwa kungoja apone. Zililala kwenye mifuko ya plastiki, ndani ya tangi nililolichagua mimi.

"Kwa hivyo wewe wa ng'ombe ndiye unaweka damu yangu?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndiye."

"Angalia usichanganye mirija. Sitaki kutoka hapa nikiwa na maziwa."

Mkewe, Mama Nekesa, hakucheka. Baba yake alifuga ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa, alijua mambo ya mitungi. Alinivuta kando. "Baba Shiku, sisi huko nyumbani tukiletewa mbegu tunaonyeshwa moshi."

Nilimwangalia Daktari Muthoni kupitia kioo, akatikisa kichwa: hapana. Tangi lile halikufunguliwa kwa maonyesho. Nikamwambia Mama Nekesa asubiri, siku yenyewe ikifika ataona. Aliridhika, lakini hakufurahi.

Barasa alipona kifua. Wakampa ile dawa kali jioni moja, saa kumi na moja.

Kesho yake asubuhi nilikuwa stoo, chai mkononi, simu ikalia.

"Baba Shiku, kipimajoto cha tangi kinapanda."

"Hicho kipimo ni kibovu, Daktari. Tangi nalijua mimi."

"Kinapanda," akarudia, sauti yake ikiwa ya chini sana. "Njoo."

Nilipakia naitrojeni niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya wiki nzima nikashuka Ruiru, madirisha wazi, nikijiambia njia nzima kwamba ni waya tu. Niliingia kile chumba, nikanyoosha mkono, nikalipapasa tangi.

Lilikuwa baridi. Shingoni lilikuwa na sakitu, nyeupe, nene, kama mkate uliomwagiwa unga. Ukuta ulikuwa umevuja, sijui saa ngapi. Vitu hivi havipigi kelele.

Nikasema la kwanza lililonijia. "Muwekee sasa hivi. Toa mifuko, muwekee."

"Dawa bado iko kwa damu yake," akasema. "Nikimwekea sasa itaziua na hizo pia. Lazima siku nzima ipite. Saa kumi na moja jioni."

"Zitoe basi, ziweke kwa friji mpaka jioni."

"Ile dawa tuliyozigandisha nayo ni sumu kwao zikishayeyuka. Hazitafika jioni."

"Mtungi wangu."

"Shingo ni nyembamba. Mifuko iko ndani ya kasha bapa la chuma, pana kuliko kiganja."

"Ninao mmoja wa shingo pana."

"Una mbegu za ng'ombe, Baba Shiku. Huyu mtu siku chache zijazo hatakuwa na kinga hata ya kikohozi."

Alikuwa ameshapiga simu Nairobi. Tangi la kusafirishia lilikuwako, lakini lilikuwa njiani kutoka Kisumu. Mimi nikapigia kiwanda cha gesi. Transfoma ilikuwa imeungua usiku, wakaniambia, naitrojeni ni kesho kutwa.

Kwa hivyo kilibaki kitu kimoja, kumimina. Ndani ya tangi lile mifuko haikukaa ndani ya maji, ilining'inia juu, kwenye mvuke, na naitrojeni ilikaa chini. Tungemimina chini kwa bomba, ivuke, tumimine tena, mpaka jioni, kama unavyojaza ndoo yenye tundu.

Mzigo niliokuja nao haukufika hata saa sita.

Nilimpigia mke wangu. "Mama Shiku, niletee mitungi."

"Ipi?"

"Ile midogo. Hamisha mirija yote uiweke kwenye ule mkubwa."

Mke wangu anajua kazi hii kunishinda, ingawa nje huwa sisemi. Alileta. Tukamimina. Chumba kilijaa wingu mpaka kiunoni. Kengele ya hewa ya ukutani ikaanza kulia, na hapo nikaona mikono yangu iko mbali nami, kama ya mtu mwingine, na nikajisikia vizuri, nimetulia, nikataka kukaa chini kidogo. Nikakumbuka yule wa pikapu. Nilitambaa, nikasukuma mlango, nikatokea ukumbini nikapumua kama samaki.

"Mlango ukae wazi," Daktari akaamuru. Tangu hapo tulikuwa tunaingia mmoja mmoja, tukimimina na kutoka.

Na moshi ukatoka nasi. Ulimwagika ukumbini, mweupe, mzuri, ukapita chini ya viti. Mama Nekesa alikuwa amekaa hapo na chupa ya uji. Aliutazama ukifika miguuni mwake, na uso wake ukafunguka.

"Leo iko moshi mingi, Baba Shiku."

"Iko."

"Basi kazi inaenda vizuri."

Vijana, sikilizeni. Ule moshi aliokuwa anaufurahia ulikuwa uhai wa mumewe unatoka mlangoni. Kila wingu lililompita lilikuwa dakika zimepungua. Nilimwambia tu ainue miguu, sakafu ni baridi.

"Ngoja nimwambie Barasa," akasema, akainuka kwenda kwenye kioo cha chumba cha mgonjwa. Nilimwona akionyesha kwa mikono, moshi, moshi mpaka hapa. Barasa, kichwa kimenyolewa, akanipungia mkono kutoka kitandani. Nikampungia. Nikarudi kumimina.

Ilipofika saa tisa mitungi midogo ilikuwa mikavu. Nilitumbukiza ufito kwenye tangi, nikaupunga, nikatafuta sakitu. Ilishika ncha tu. Daktari Muthoni alikuwa nyuma yangu. Aliiona.

"Umebaki na ule mkubwa," akasema.

"Ndio wenye mbegu zote."

"Najua. Sikuombi."

"Usiniombe. Ukiniomba nitakataa."

Na ningekataa, msidanganyike. Kila mrija mle niliuchagua mimi. Kulikuwa na mbegu za kuzaa ndama wa kike tu, zile za bei, nilizozilipia kabla hazijapanda ndege. Nilitoka nje kwenye maegesho nikapiga simu.

"Mama Shiku. Leta ule mkubwa."

Nilisikia kuku wetu.

"Na mirija?"

"Leta tu."

"Baba Shiku, huo ni ada ya Shiku na ile nyumba ya pili."

"Najua."

"Huyo mtu ni wetu?"

"Si wetu. Ni Mluhya wa Kiganjo, wa kiwanda cha juisi."

"Ana watoto?"

"Mmoja ninayemjua. Nekesa."

Mimi nikaomba moyoni aseme hapana, ili niwe na mtu wa kulaumu. "Naweka mafuta kwa gari," akasema.

Alipofika hatukuangaliana. Tuliinamisha mtungi pamoja, naitrojeni ikateremka kwenye bomba, na mirija ikabaki ndani mikavu, ikigongana kama njugu kwenye kibuyu. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto viliguswa na chuma pale glavu ilipopasuka. Mpaka leo havina hisia, na ndivyo vilivyonistaafisha, si uzee, mimi bado sina mvi.

Tulifika saa kumi na moja ufito ukiwa unatoka mkavu.

Daktari kwanza aliyeyusha kichupa kidogo cha majaribio kilichokuwa kimelala tangi hilo hilo, akakipeleka kwenye darubini. Nilisimama mlangoni.

"Ziko hai?"

"Zaidi kidogo ya nusu."

"Zinatosha?"

"Sijui."

Mimi nilizoea daktari wa kusema ndiyo au hapana. Hilo "sijui" lilinitisha kuliko moshi wote wa siku ile. Lakini hakukuwa na mbegu nyingine wala njia ya kurudi. Mfuko wa kwanza uliingia kwenye maji ya vuguvugu, ukayeyuka kama barafu ya watoto, ukatundikwa, ukaanza kuteremka mkononi mwa Barasa. Chumba kikanuka kitunguu saumu na mahindi ya kopo. Ni ile dawa ya kugandishia, hutoka kwa pumzi ya mgonjwa.

"Mama Nekesa," Barasa akasema kupitia simu ya ukutani, akifyonza peremende, "nanuka kama hoteli ya Makongeni. Usinile."

Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Damu yake ilishuka ikawa maji tu, hana askari hata mmoja wa kinga mwilini, mdomo vidonda, homa inapanda inashuka. Karibu wiki mbili. Nilikuwa naenda Ruiru kila siku nikijifanya nina kazi na wapangaji, nasimama kwenye lango la hospitali, siingii. Kwa ng'ombe ningengoja wiki tatu nikiwa nimelala vizuri. Huyu hakuwa na kurudi joto. Chakula kilinishinda. Nikiona moshi wa jikoni natoka nje.

Siku moja Mama Nekesa alitoka kununua mkate akanikuta pale langoni.

"Hata hujaingia kumwona. Nataka nikushukuru, Baba Shiku. Ile moshi ndio inanishikilia. Anapotapika najiambia, mbegu zilikuwa na moshi, ziko hai."

"Ndiyo, Mama Nekesa," nikasema. "Zilikuwa na moshi."

Nikaenda nyuma ya gari nikashika bodi.

Simu ilikuja nikiwa kwa kinyozi. Daktari Muthoni hakusalimia. "Askari wameonekana. Wachache, lakini wameonekana jana na leo wameongezeka." Nilimwambia kinyozi azime mashine. Alidhani nimefiwa.

Barasa anaishi. Hainui kreti, wamempeleka stoo ya kiwanda, anahesabu vifuniko na kuwaimbia wenzake. Kila anapokwenda kupimwa mimi silali usiku wa kuamkia siku hiyo, maana saratani hiyo, Daktari aliniambia wazi, hulala lakini haiapi kwamba imekufa. Utafiti wake unaendelea. Sasa wana matangi mawili, na la pili halikuchaguliwa na mimi.

Mirija yangu niliimwaga nyuma ya stoo Kamenu. Kuku walikuja kuangalia kama ni chakula, wakaondoka. Watu hupenda kuniuliza hospitali ilinilipa ngapi. Ililipa naitrojeni, bei ya kawaida, kwa wakati. Mbegu hakuna aliyeniagiza niziue, na sikudai. Mke wangu ndiye aliyekaa chini akazipigia hesabu, kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia, ili isiniume sana: shilingi laki tisa, elfu kumi na saba, mia nne na hamsini.